Mpe Mwaka: Sayansi ya Uraibu wa Meth na Funzo Lake kwa Isiolo

Anayesimama kando ya barabara kuu ya Isiolo hujua kulipisha gari la miraa. Magari hayo hushuka kutoka vilima vya Nyambene yakiwa yamesheheni, yakapita mjini na kuelekea Marsabit, Moyale, Garbatulla na Wajir kwa mwendo unaotia hofu. Wengi hudhani ni utovu wa nidhamu wa madereva tu. Lakini dereva huyo anashindana na kemia. Jani la miraa likishachumwa, kiini chake chenye nguvu huanza kuvunjika, na baada ya takriban saa 48 huwa kimedhoofika sana. Ndiyo maana vibunda hufungwa kwa majani ya mgomba ili vibaki na unyevu, na ndiyo maana miraa iliyolala haina bei ya miraa ya leo.

Kiini hicho ni kathinoni. Kwa miaka mingi wanakemia hawakukijua, kwa kuwa majani yaliyowafikia maabara yalikuwa yamekwisha kunyauka njiani, na ndani yake walikuta dutu nyingine iliyo dhaifu zaidi. Mwaka 1975 yalichunguzwa majani mabichi, na kathinoni ikaonekana. Umbo lake lilifanana mno na la amfetamini, dawa ya kusisimua ubongo iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1887. Katika ukoo huohuo yumo ndugu mkali zaidi, methamfetamini, ambayo wengi huikata jina na kuiita meth. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1893, ikapatikana kwa umbo la fuwele mwaka 1919, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi walipewa ili wasisinzie vitani. Baada ya vita, Japani ilibaki na raia wengi waliokuwa wamekwisha kunaswa nayo.

Ni lazima tuseme mapema: miraa si meth. Mtu anayetafuna hupata kathinoni kidogo kidogo kwa saa kadhaa, na mwili wake huivunja upesi. Anayevuta au kujidunga meth hupokea wimbi zima kwa mara moja, na nusu ya dawa hiyo bado imo mwilini saa kumi hivi baadaye. Miraa ni zao halali linalosomesha watoto wa Meru na kuwalisha akina mama wengi wanaoliuza Isiolo. Meth ni haramu na haina shamba wala mkulima wa kuitetea. Hata hivyo dutu hizi mbili huingia ubongoni kwa mlango mmoja. Kwa sababu hiyo, mji unaoijua miraa kwa karibu unaweza kuielewa sayansi ya meth haraka kuliko miji mingine, na una sababu ya kuielewa sasa.

Sababu yenyewe ni kwamba dawa hii inazidi kutukaribia. Cape Town, Afrika Kusini, imeishi na janga lake kwa takriban miaka ishirini, na huko dawa hiyo huitwa tik. Septemba 2024 polisi wa Kenya walivamia mahali karibu na Namanga, Kajiado, palipodaiwa kuwa kiwanda cha siri cha meth. Oktoba 2025 Jeshi la Wanamaji la Kenya lilikamata katika Bahari ya Hindi jahazi lisilo na bendera ya nchi yoyote, likiwa na zaidi ya tani moja ya dawa hiyo, likaletwa Mombasa. Isiolo haina bandari, lakini ni njia panda: barabara ya lami iendayo Moyale na Ethiopia inapita hapa, na njia za Wajir na Mandera zinaanzia hapa. Kila kitu kinachosafiri nchini hupita njia panda siku moja. Heri tukijue kabla hakijabisha hodi.

Watafiti wamegundua mambo mawili ambayo ningependa kila nyumba ya Isiolo iyajue. La kwanza, meth huharibu sehemu ya ubongo inayompa mtu hamu ya kuishi, na uharibifu huo unaweza kuonekana kwa mashine. La pili, ubongo huo huanza kujirudi mtu akiacha, na kujirudi kwake huchukua mwaka au zaidi. Mambo haya mawili yakieleweka pamoja, yanabadilisha namna tunavyomtazama mraibu na namna tunavyomsaidia.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kichwa. Seli za ubongo huzungumza kwa kutumiana kemikali, na mojawapo ni dopamini. Mtoto akimkimbilia mama yake kwa furaha, mfugaji akimwona ngamia wake aliyepotea akirudi, mwanafunzi akiambiwa amefaulu, dopamini humiminwa kidogo katika nafasi iliyopo kati ya seli na seli. Ubongo hujifunza hapo: jambo hili ni jema, lirudie. Kazi ikiisha, vipo visafirishi vidogo kwenye ukuta wa seli vinavyoikusanya dopamini na kuirudisha ndani, ikangoje wakati mwingine. Kwa mpango huo mtu hufurahi, hutulia, na kesho ana uwezo wa kufurahi tena.

Meth huvuruga mpango huo kutoka ndani. Kwa kuwa umbo lake linafanana na la dopamini, visafirishi huipokea na kuiingiza kwenye seli. Ikishaingia, hufungua maghala yaliyohifadhi dopamini, kisha huvilazimisha visafirishi vifanye kazi kinyume, vikitoa nje badala ya kurudisha ndani. Nafasi kati ya seli hufurika, na mafuriko hayo hukaa kwa saa nyingi. Seli nazo hujikinga: hupunguza vipokezi vyake, na baadhi ya ncha za neva huumia kwa sumu inayozaliwa na wingi huo wa dopamini. Dawa ikiisha, mtu hubaki na ubongo ambao hausikii tena raha ndogo ndogo za kila siku. Chakula hakina ladha, mtoto wake hamfurahishi, kazi haimvuti. Kitu pekee kinachoweza kumwamsha ni kile kile kilichomharibu.

Haya yalijulikanaje? Kwanza kwa panya wa maabara. Watafiti walipitisha mrija mwembamba mno hadi katikati ya ubongo wa panya, wakawa wanachota majimaji kidogo kidogo na kupima dopamini iliyomo. Panya alipokula chakula anachokipenda, dopamini ilipanda kwa takriban nusu ya kiwango cha kawaida. Alipopewa dawa za jamii ya amfetamini, ilipanda hadi mara kumi na zaidi. Hakuna sherehe, mapenzi wala ushindi unaoweza kuufikisha ubongo pale. Takwimu hizo ni za panya, na hatuwezi kuzihamishia kwa binadamu neno kwa neno, lakini zilionyesha njia ya kufuata.

Kisha ukaja wakati wa kuwatazama watu wenyewe. Mtu hudungwa kiasi kidogo cha dutu yenye mnururisho hafifu, inayonata kwenye visafirishi vya dopamini. Hulazwa ndani ya mashine inayoipokea miale hiyo na kuchora picha ya ubongo: palipo na visafirishi vingi hung'aa, palipopungukiwa hufifia. Mwaka 2001 zilichapishwa picha za watu waliokuwa wametumia meth kwa muda mrefu na kuacha kwa angalau wiki mbili. Ukilinganisha na wasiowahi kutumia, visafirishi vyao vilikuwa vimepungua kwa takriban robo. Waliopungukiwa zaidi walikuwa wazito zaidi wa kutembea na kukumbuka maneno waliyosomewa. Kwa hiyo ule ulegevu ambao familia huuita uvivu ulikuwa na picha, na picha hiyo ilikuwa ya jeraha.

Mwaka huohuo ikachapishwa habari ya pili, iliyobeba matumaini. Watu watano waliopigwa picha mapema baada ya kuacha walirudi kupigwa tena wakiwa wamekaa bila dawa kwa miezi 12 hadi 17. Visafirishi vyao vilikuwa vimeongezeka, kwa asilimia 16 katika sehemu moja ya ubongo na asilimia 19 katika nyingine. Watano ni wachache, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Lakini tafiti nyingine zilizofuata zimeelekea upande huohuo: ubongo ulioachwa upumzike hujirudi kwa kiasi, polepole.

Wazee wa Kiborana wa Isiolo wanalielewa jambo hili kwa lugha ya malisho. Baraza la dedha hutenga nyanda za kiangazi, likazuia mifugo isiziguse wakati wa mvua, kwa sababu nyasi iliyoliwa hadi mzizi hairudi kwa mvua moja. Macho ya mgeni yataona kijani baada ya wiki mbili na kudhani ardhi imepona. Mzee atasema bado, kwani mzizi haujashika. Anayeingiza mifugo mapema huua kilichoanza kuota. Ubongo wa mtu aliyeacha meth hupita njia hiyo. Baada ya wiki mbili analala vizuri, anakula, anacheka na wenzake, na nyumba nzima husema amepona. Mzizi bado.

Hapo inafaa tuweke tahadhari. Katika picha za wale watano visafirishi viliongezeka, lakini kumbukumbu na wepesi wa mwili havikurudi kwa kiwango hichohicho. Vilipanda kidogo tu, na tofauti haikutosha kuthibitishwa. Picha ya ubongo haiwezi kumwambia mama kama mwanawe atarudi kuwa alivyokuwa. Wapo wanaopona hadi huwezi kuwatambua, na wapo wanaobaki na kovu. Aidha, hakuna uthibitisho kwamba mtu anayetafuna kibunda cha miraa jioni na wenzake amepata jeraha kama lile la meth. Tusikopeshe hofu ya dawa moja kwa nyingine, kwa sababu kijana akigundua tumetia chumvi katika jambo dogo, hatatuamini katika kubwa.

Nje ya ubongo, meth huupiga mwili mzima. Moyo huenda mbio na presha hupanda kwa saa nyingi mfululizo. Wapo wanaopata kiharusi au moyo kudhoofika wakiwa bado vijana wa miaka thelathini. Joto la mwili hupanda pia, huku dawa ikificha kiu na uchovu. Katika ofisi yenye kiyoyozi hiyo ni hatari. Katika jua la Isiolo, kwa kijana anayebeba mawe ya ujenzi au kuchunga mbuzi kutwa nzima, ni hatari maradufu. Mate hukauka, mtu husaga meno bila kujua na kunywa soda baada ya soda, na meno huoza upesi. Ngozi huwasha kana kwamba wadudu wanatambaa chini yake, naye hujikuna hadi vidonda. Wanaojidunga kwa sindano za kushirikiana hujiongezea hatari ya Virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Dalili inayozitia familia hofu kuliko zote ni kuchanganyikiwa akili. Mtumiaji wa meth aweza kusikia sauti ambazo hakuna mwingine anayezisikia, akaamini jirani anamfuatilia, akakesha akichungulia dirishani na kisu mkononi. Kwa wengi hali hiyo hutulia ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha. Kwa wachache hubaki kwa muda mrefu. Miraa nayo haina usafi kamili hapa. Utafiti uliofanywa Hargeisa na kuchapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha watu wenye ugonjwa wa akili na majirani zao wazima, na ukaona kwamba wagonjwa walianza kutafuna wakiwa wadogo zaidi na walitafuna kwa wingi zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba miraa ndiyo chanzo, kwa kuwa anayeanza kuugua aweza kutafuna zaidi ili ajitulize. Lakini unatosha kumwambia mzazi kwamba umri wa kuanza na kiasi cha kutafuna si mambo madogo.

Haya yote yanamhusu nani hapa? Kwanza mama wa Bula Pesa au Kambi Garba ambaye kijana wake amebadilika. Wiki ya kwanza ya kuacha, kijana hulala mchana na usiku, akiamka anakula kama aliyefunga siku tatu, kisha analala tena. Hana hasira wala furaha. Baba hukasirika kwamba sasa ameacha dawa lakini amekuwa mvivu, na huenda akamfukuza. Sayansi inamwambia baba huyo kwamba anachokiona ni ubongo uliokaukiwa dopamini, na kwamba kumfukuza sasa ni kumrudisha kwa aliyemuuzia. Kuacha meth kwa kawaida hakumuui mtu kama kunavyoweza kumuua mlevi mkubwa wa pombe anayeacha ghafla. Hatari ya siku hizo ni huzuni nzito, hata mawazo ya kujiua. Asiachwe peke yake. Akisema maneno ya kufa, yachukuliwe kwa uzito, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Zipo familia ambazo, zikimwona mtoto anazungumza na hewa, humpeleka kwanza kwa sheikh au kwa mchungaji kwa kudhani ana jini. Hakuna ubaya katika dua, na wengi wamepata nguvu ya kuacha wakiwa msikitini au kanisani. Ombi ni kwamba dua na daktari viende pamoja, na viongozi wa dini wawe wa kwanza kusema, “Mpitishe pia hospitali ya rufaa.” Kadiri mgonjwa anavyokaa bila matibabu ndivyo hatari ya kujidhuru au kuwadhuru wengine inavyozidi.

Dereva wa lori la usiku na mwendesha bodaboda wana swali lao: mbona kitu kinachoniweka macho kiwe kibaya? Dawa za jamii hii hazitengenezi nguvu mpya. Huuzima mlio unaomwonya mtu kwamba amechoka, lakini uchovu wenyewe unaendelea kukusanyika. Dawa inapoisha, usingizi humwangukia wote kwa pamoja, na huenda ikawa yuko kwenye usukani kati ya Archer's Post na Laisamis. Anayetafuna ili aendeshe usiku kucha anapaswa kujua kwamba njia pekee ya kulipa deni la usingizi ni kulala.

Mwanafunzi naye huambiwa na wenzake kwamba kidonge fulani au fuwele fulani itamsaidia kukesha akisoma kabla ya mtihani. Kumbukumbu hujengwa usingizini. Yaliyosomwa mchana hupangwa mahali pake mtu anapolala. Anayekesha kwa dawa huenda akasoma kurasa nyingi na kuzipoteza kabla ya kufika darasani. Isitoshe, ubongo wa kijana bado unajengwa hadi anapokaribia miaka 25, na sehemu inayokawia kukomaa ndiyo ile inayomwezesha mtu kusema hapana.

Mama mjamzito ana sababu ya pekee ya kujihadhari. Meth hubana mishipa inayopeleka damu kwa mtoto, na watoto wengi wa watumiaji huzaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo. Dawa hupita pia katika maziwa ya mama. Hata kwa miraa, dutu zake zimepatikana katika maziwa ya akina mama wanaotafuna, na watumiaji wake wameonekana kujifungua watoto wenye uzito mdogo. Mkunga amuulize mama swali hili kliniki bila kumfokea, na mama ajibu bila kuogopa kusutwa.

Akina mama wauzaji wa miraa sokoni wasihisi kwamba sayansi hii imekuja kuwaondoa. Wao ndio wanaojua nani ameanza kununua mara tatu kwa siku, nani halali tena, na ni mtoto gani wa shule anayedai ametumwa kibunda ilhali hakutumwa na mtu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya karibu milioni moja kati ya umri wa miaka 15 na 65 hutumia miraa. Idadi hiyo haitapunguzwa kwa kelele. Lakini muuzaji anayekataa kumuuzia mtoto, na anayemwambia mteja wa miaka mingi, “Mwanangu, pumzika leo,” anatoa huduma ya afya ambayo hospitali haiwezi kuitoa.

Je, kuna tiba? Kwa mraibu wa heroini, Kenya imekuwa ikitoa methadoni tangu mwishoni mwa 2014, na imewarudisha wengi kazini. Methadoni haisaidii meth, na hadi leo hakuna dawa iliyokubaliwa rasmi kwa kazi hiyo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watu 403, likiunganisha sindano ya naltreksoni na vidonge vya bupropioni. Kati ya waliopewa dawa hizo waliofanikiwa walikuwa asilimia 13.6, na kati ya waliopewa dawa bandia walikuwa asilimia 2.5. Hiyo ni hatua ya kweli, na inastahili kufurahiwa. Lakini ni wazi pia kwamba zaidi ya wanane kati ya kila kumi hawakufanikiwa. Kwa hiyo yeyote anayepita mitaani akiuza kinywaji, mitishamba au sindano ya kumaliza uraibu wa meth kwa siku saba asipewe hata shilingi.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi hadi sasa hakiuzwi dukani. Mraibu hupimwa mkojo mara kwa mara, na kila akionekana safi hupewa zawadi ndogo papo hapo: muda wa maongezi wa simu, vocha ya unga na sukari. Zawadi huongezeka kadiri siku safi zinavyofuatana, na akiteleza huanza upya bila kutukanwa. Kwa anayefikiria haraka, huku ni kumlipa mkosaji. Kisayansi ni kuufundisha upya ubongo uliosahau raha ndogo, kwa kuupa raha ndogo ya hakika pale anapofanya jema. Mbinu hii imejaribiwa mara nyingi katika nchi mbalimbali, na huzaa zaidi ikiunganishwa na ushauri nasaha unaomfundisha mtu kutambua mahali, watu na saa zinazomwamshia hamu.

Hapo ndipo hesabu ya mwaka inapotugusa. Vituo vingi vya urekebishaji nchini hupanga miezi mitatu. Familia huuza mbuzi au hata ngamia kulipa ada, kijana hutoka akiwa na afya na cheti, na wote hudhani safari imeisha. Kwa mujibu wa picha za ubongo, siku 90 ni robo ya njia. Miezi tisa iliyobaki ataimalizia kijiweni palepale alipoanzia, bila kazi na bila wa kumuuliza hali. Akirudia, watu husema fedha zimepotea na mtoto ni wa laana. Kosa halikuwa lote lake. Tulimwacha katikati ya mto.

Miezi hiyo tisa haihitaji jengo jipya. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wamepewa mikoba yenye kifaa cha kupima presha, wanaweza kumpitia kila wiki wanapozunguka vijijini, wakampima, wakamuuliza usingizi na hamu. Chama cha bodaboda kinaweza kumpa kazi ya mchana na kumwepusha na zamu za usiku. Chifu anaweza kulitaja jambo hili barazani kama inavyotajwa chanjo. Serikali ya kaunti nayo inapopanga bajeti ya afya ihesabu ufuatiliaji wa mwaka mzima, na itenge fedha za vipimo vya mkojo na zawadi ndogo ndogo, kwa kuwa gharama hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na ya kitanda cha mgonjwa wa kiharusi mwenye miaka 32.

Zipo dalili ambazo hazingoji mwaka wala kesho: mwili kuwaka moto, maumivu ya kifua, degedege, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, au vurugu za kuchanganyikiwa. Mtu huyo awekwe kivulini, mwili wake ukiwaka moto amwagiwe maji ya baridi, na akimbizwe hospitali. Daktari aambiwe ukweli kuhusu alichotumia, kwa kuwa matibabu hutegemea ukweli huo. Anayehitaji ushauri anaweza kupiga simu ya bure 1192 ya mamlaka ya taifa inayopambana na mihadarati, bila kujitambulisha kwa jina.

Kwako msomaji uliye na ndugu katika hali hii: usimpime kwa wiki ya kwanza, na usimkatie tamaa akiteleza mwezi wa tano. Mpeleke kwa wataalamu, simama naye anaporudi, mtafutie shughuli ya mchana na usingizi wa usiku, kisha hesabu miezi kumi na miwili tangu siku aliyotumia mara ya mwisho. Akiteleza, anza kuhesabu tena pamoja naye. Ubongo wake unaweza kujirudi ukipewa muda. Mpe mwaka.